Kuishi Umisionari Mombasa: Saa za Siku, Maji, Mfungo na Adabu za Mlangoni

Mwongozo huu ni wa kijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho aliyepangiwa kutumikia Mombasa, hasa anayeshuka kutoka bara kwa mara ya kwanza. Wengi watakuita Mmormoni. Tangu 2018 viongozi wa Kanisa wameomba jina kamili litumike, kwa hiyo jitambulishe nalo taratibu, bila kumkosoa aliyekuita vingine. Kanuni zenyewe utafundishwa kwenye kituo cha mafunzo. Hapa tunaeleza namna ya kuzishika katika mji wa joto, wenye maji ya kubahatisha, na wenye watu ambao dini kwao haingoji Jumapili.

Jambo la kujua kabla ya mengine yote ni kwamba Mombasa haimshangai mtu mwenye masharti ya dini. Mji huu unajua kufunga, unajua saa za sala, unajua kwa nini kijana hakai faragha na binti wa watu, na mtu asiyegusa pombe hapa ana wenzake wengi. Ukiyashika masharti yako waziwazi na kwa adabu, utaheshimiwa kabla hujafungua kitabu. Ukiyashika nusunusu, hilo nalo litaonekana upesi, kwa sababu mtaa wa Mombasa una mabaraza, na barazani kuna macho.

Saa za siku

Ratiba ya kawaida ni kuamka saa 12:30 asubuhi na kuzima taa saa 4:30 usiku. Asubuhi ina nusu saa ya mazoezi, kuoga na kula, saa moja ya kusoma maandiko peke yako, kisha kusoma na mwenza, yaani mmisionari mnayeishi na kutumikia pamoja, na lugha kwa anayeihitaji. Rais wa misheni, kiongozi wa wamisionari wote wa eneo, anaweza kurekebisha saa hizi kulingana na mahali. Muulize ratiba ya Mombasa ilivyo, usibebe ile ya rafiki yako aliyeko Eldoret.

Jua ndilo linalopanga mengine. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, na usiku halishuki vya kutosha kumfanya mgeni alale vizuri. Asiyelala huamka amechelewa, akichelewa anakata mazoezi kwanza, halafu sala, halafu masomo, na baada ya wiki mbili anashangaa kwa nini hana la kumwambia mtu. Kwa hiyo linda usingizi. Fungua madirisha ya pande mbili za nyumba jua linapotua, chandarua kikiwa kimeshashushwa. Elekeza feni ipite juu ya vitanda vyote viwili. Oga maji ya baridi muda mfupi kabla ya kulala, na shuka liwe la pamba tupu.

Ukitoka saa 4 asubuhi una saa tatu nzuri. Kuanzia saa 7 hadi saa 9 mchana watu wamekula na wengi wamejinyoosha, na kubisha hodi wakati huo ni kuwaudhi bure. Rudini nyumbani, mle, msome lugha, mpige simu za kuthibitisha miadi, mjibu ujumbe. Kuanzia saa 10 jioni mji unaamka tena. Magharibi huingia kati ya saa 12:10 na saa 12:45 mwaka mzima, na katika mitaa ya Waislamu msipange kuingia nyumba ya mtu wakati huo. Familia za Kikristo hupatikana vizuri baada ya saa 1 usiku, wakati baba amesharudi kutoka kazini. Saa ya mwisho ya kuwa njiani waulizeni waumini wa mtaa wenyewe. Kuna sehemu za Kisauni na Likoni ambako watakwambia uwe ndani mapema kuliko kanuni inavyodai, na wanajua wanachosema.

Ijumaa adhuhuri barabara karibu na misikiti hujaa na maduka mengi hufungwa. Panga shughuli za ndani. Mwezi wa Ramadhani, ukiwa Mji wa Kale, Majengo au Bondeni, usile wala usinywe maji barabarani mchana. Ingia nyumbani au ndani ya jengo la kanisa, unywe, utoke. Hakuna atakayekulazimisha, lakini anayekuona umejali atakukumbuka.

Ikiwa mwenza wako ni mgeni wa Kiswahili, tatizo la miadi litawapata wiki ya kwanza: rafiki anasema saa kumi, mwenza anaingiza 10:00 kwenye simu, na jioni mtu anawangoja bure. Kila miadi isomwe kwa sauti kabla hamjaondoka, pamoja na sehemu ya siku: “Kesho saa kumi jioni, sivyo mama?”

Anayevuka Likoni aweke saa nzima ya ziada asubuhi kabla ya saa 2 na jioni kuanzia saa 10:30. Feri ni bure kwa wanaotembea kwa miguu, na msongamano ni mkubwa. Simu na pesa ziwe mfuko wa mbele, begi tumboni. Bodaboda iacheni, matatu na tuktuk hufika karibu kila mtaa mtakaopangiwa.

Sala na kusoma

Mmisionari husali mara nyingi kwa siku: peke yake asubuhi na usiku, na mwenza, kabla ya kutoka, kabla ya kula, kabla ya kupanga kesho, na katika kila nyumba anayokaribishwa. Hatari yake ni maneno kuzoeleka mdomoni. Dawa tunayoiamini ni majina. Kabla ya kupiga magoti fungua daftari la mipango, chagua watu watatu, na umtajie Baba wa Mbinguni kila mmoja na shida yake: huyu mtoto wake anaumwa, huyu amesimamishwa kazi bandarini, huyu aliahidi kusoma na hakusoma. Kisha nyamaza dakika mbili bila kuondoka magotini. Linalokujia hapo liandike mara moja, hata likiwa ni jina tu la mtu wa kumpigia simu.

Unaposali peke yako tumia lugha ya moyo wako. Ukisali nyumbani kwa watu tumia Kiswahili chepesi, na fupisha. Muumini mgeni hujifunza kusali kwa kukusikiliza wewe, na akisikia sala ya dakika tano yenye maneno mazito ataamini hawezi. Mwonyeshe njia: kumwita Baba wa Mbinguni, kushukuru, kuomba, na kumaliza kwa jina la Yesu Kristo.

Kusoma kwa mmisionari kuanze na swali la mtu. Chukua ukurasa mmoja kwa kila familia mtakayoitembelea leo. Juu andika jina, chini yake swali au huzuni aliyonayo, chini yake andiko moja, na mwisho jambo moja utakalomwalika afanye. Aliyefiwa na mtoto mchanga msomee Moroni 8 katika Kitabu cha Mormoni, mahali panaposema watoto wadogo wako hai katika Kristo. Anayeona Mungu hajui mateso yake, Alma 7:11–12. Anayesema “nitajuaje?” mpe Moroni 10:3–5 na umwache aisome mwenyewe kwa sauti. Andiko moja lililosomwa polepole na kujadiliwa hukaa. Matano ya haraka huondoka nawe mlangoni.

Maji ya nyumbani

Msiyategemee ya mfereji. Watu wawili wenye uangalifu hutumia lita 80 hadi 100 kwa siku kwa kuoga, kupika, choo na vyombo, kwa hiyo wekeni akiba ya lita 250 hadi 300, pipa moja kubwa lenye mfuniko na mitungi michache ya lita 20. Mfuniko usiokaa sawasawa ni mazalio ya mbu ndani ya nyumba yenu wenyewe. Pipa lisuguliwe na kuoshwa kila wiki mbili.

Maji ya mkokoteni huwa ya aina mbili: matamu na ya kisima yenye chumvi. Onja kabla ya kulipa. Ya chumvi yanafaa kwa choo na kupiga deki. Hayafai kunywa, na sabuni haitoi povu ndani yake. Kuchemsha hakuondoi chumvi.

Ya kunywa yachemsheni hadi yatokote kabisa kwa dakika moja, yapoe yakiwa yamefunikwa, yaingie kwenye chupa safi. Mkitumia dawa ya klorini, fuateni kipimo cha chupa na mngoje nusu saa. Kila mmoja atoke na chupa ya lita moja na nusu na aijaze tena mchana. Mkojo ukiwa wa rangi nzito, hujanywa vya kutosha.

Mashati, viatu, beji

Mashati sita ya mikono mifupi yanatosha, ya pamba au mchanganyiko wenye pamba nyingi. Kola hugeuka manjano kwa jasho likichanganyika na dawa za kwapa. Wengi hukimbilia dawa ya klorini ya kung’arishia nguo, na doa huzidi kuwa manjano. Badala yake loweka kola na kwapa kwa nusu saa katika kikombe kimoja cha siki kwa lita nne za maji, sugua kwa sabuni ya mche, na suuza ya mwisho iwe kwa maji matamu. Ukisuuzia maji ya chumvi shati litakauka gumu na kukuwasha shingo.

Anika kufikia saa 2 asubuhi na uanue kabla ya saa 8. Msimu wa masika, hasa Mei, mvua haikupi nafasi, basi fua mashati mawili kila usiku na uyatundike ndani mbele ya feni. Mavazi matakatifu ya hekaluni hayaanikwi mbele za watu. Kamba yake iwe chumbani.

Viatu viwe jozi mbili za kupokezana, kwa sababu kiatu kilichovaliwa siku mbili mfululizo hakikauki ndani na huanza kuoza nyuzi. Ngozi na mikanda hushika ukungu haraka kabatini. Futa kwa kitambaa chenye siki na uache kabati wazi mchana. Dada wamisionari, Mji wa Kale na Majengo sketi ndefu na mikono inayofunika mabega itawafungulia milango mingi.

Beji ivaliwe kila mtokapo. Ndiyo inayomweleza mwenye nyumba, kabla hamjasema neno, kwamba hamjaja kuuza kitu.

Chai, kahawa na yanayokaribishwa

Neno la Hekima, ufunuo wa Februari 27, 1833 uliomo katika Mafundisho na Maagano 89, kitabu kingine cha maandiko yetu, linamzuia muumini pombe, tumbaku, kahawa na chai ya majani. Mombasa utakataa kila siku, pengine mara nne, tena mbele ya mtu anayekukirimu kwa moyo wote. Lijue neno la kusema na ulijue mapema.

Wakati wa kusema ni pale tu mwenyeji anaponyanyuka, kabla birika halijakaa jikoni: “Ahsante sana mama, Mungu akubariki. Mimi kwa dini yangu situmii majani ya chai wala kahawa. Maji yananitosha kabisa.” Ukingoja kikombe kifike mbele yako ndipo ukatae, umemwaibisha, na sukari yake imeharibika. Usiseme chai ni mbaya. Sema ni ahadi yako na Mungu. Neno ahadi linaeleweka katika kila nyumba ya pwani.

Chai ya tangawizi ya hapa ina majani ndani, ulizia. Mchaichai mtupu au tangawizi tupu kwa maji moto hauna tatizo. Kwa muuza kahawa mwenye dele, birika lake la kahawa, haluwa na kashata vinaliwa bila kahawa, na unaweza kukaa na wazee hapo ukitafuna tende yako na kusikiliza. Madafu, ukwaju, maji ya miwa, mabuyu na uji vyote ni vyako. Mnazi ni tembo, yaani pombe, hata uwe umegemwa asubuhi ile, na mangwe, kilabu cha mnazi, si mahali pa mmisionari kukaa. Miraa na muguka hutia uraibu. Ukikaribishwa kijiti, shukuru na ukirudishe.

Mkikaribishwa kula, nawa mikono, kula kwa mkono wa kulia, anza na kilicho mbele yako kwenye sinia. Kwa familia yenye uwezo mdogo, kula kidogo kwa furaha na uondoke mapema kabla ya chakula cha usiku, ili wasijisikie kuwajibika kuwapikia.

Chakula cha nyumbani kilicho rahisi na cha kushibisha ni mbaazi. Loweka nusu kilo usiku, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya matamu kwa saa moja hadi moja na nusu. Ukitumia maji ya kisima mbaazi hazilainiki hata ukichemsha nusu siku, gesi inaisha bure. Chumvi itie zikishaiva. Hapa ndipo wageni huharibu: wanatia tui kwenye sufuria yote, na asubuhi limechacha. Hifadhi mbaazi tupu kwenye friji, na kila siku toa za siku hiyo, uzipike kwa kitunguu, bizari, pilipili mbichi na tui zito la nusu nazi. Kwa mahamri manne kila mmoja mnatoka mkiwa mmeshiba hadi mchana.

Mlangoni na ndani

Bisha hodi mara tatu, kwa nafasi, ukiwa umesimama pembeni mwa mlango na si mbele yake, macho yakiangalia barabarani. Mlango ukiwa wazi usichungulie. Usipoitikiwa mara ya tatu, ondoka.

Shikamoo itangulie kila kitu kwa aliyekuzidi umri, hata kama umri huo una shaka. Mwanamke mtu mzima ni Bi au mama Fulani, mwanamume ni mzee au ami, na wa rika lako ni kaka na dada. Usimpe mkono mtu wa jinsia nyingine mpaka atoe yeye. Weka kiganja kifuani na uiname kidogo. Vua viatu mlangoni bila kuambiwa. Salamu za Mombasa zina hatua zake: hali, nyumbani, watoto, joto la leo. Anayekimbilia ujumbe wake kabla ya hizo huonekana hana malezi, na ujumbe unabeba aibu yake.

Kanuni inakuzuia kuwa peke yako na mtu wa jinsia nyingine, na wamisionari wawili wa kiume hawaingii nyumba yenye mama peke yake. Usijifiche nyuma ya visingizio. Uliza mlangoni, “Mzee yupo?” Akijibu hayupo, sema, “Basi tukae hapa barazani, au turudi akiwepo.” Mama atashukuru, na jirani aliyekuwa akitazama naye ataridhika. Mkipanga somo kwa mwanamke asiye na mume, leteni mama mmoja wa Muungano wa Usaidizi, jumuiya ya akina mama wa Kanisa.

Utakutana na maswali matatu bila kukosa. La kwanza ni kama nyinyi ni Wakristo. Jibu ndiyo, na utaje jina la Kanisa lote, kwa sababu jina la Yesu Kristo limo. La pili ni uvumi wa siri na ibada za shetani, hasa kwa kuwa hekaluni hawaingii watu wote. Usibishane, sema mikutano ya Jumapili iko wazi kwa kila mtu, mwambie saa na mahali, mwalike aje akae nyuma na aondoke anapotaka. Hekalu la Nairobi liliwekwa wakfu Mei 2025, na kwa waumini wa pwani sasa safari ya hekaluni ni ya ndani ya nchi, kwa hiyo waumini wenyewe ndio wanaofaa kueleza wanachokwenda kufanya. La tatu ni pesa: ada, kodi, njia ya kwenda Marekani. Mmisionari hatoi pesa wala hakopeshi. Muumini mwenye shida mpeleke kwa rais wa tawi, kiongozi wa kusanyiko la mtaa, na asiye muumini mwambie ukweli mara ya kwanza, kwa upole. Ahadi ya kukwepa humrudisha mara kumi, na kila mara akitazama mfuko badala ya ujumbe.

Juu ya Waislamu tunasema kwa uzito. Usigawe vitabu mlangoni mwa msikiti wala usianzishe mjadala wa manabii. Ushuhuda wako kwamba Joseph Smith, mwanzilishi wa Kanisa, alikuwa nabii unagusa imani yao kwamba Mtume Muhammad ni wa mwisho, na hilo si jambo la kurushiana barabarani. Ukiulizwa, jibu kwa sentensi mbili na uache. Mwislamu akitaka kufundishwa, zungumza na rais wa misheni kabla ya somo lolote, kwani hatua hiyo inaweza kumgharimu ndoa, urithi na familia, na wewe utahamishwa naye abaki.

Jumapili ya mfungo

Mara moja kwa mwezi, kwa kawaida Jumapili ya kwanza, tunaacha milo miwili mfululizo, chakula na maji, na thamani ya milo hiyo inatolewa kwa maskini. Bila maji katika joto la Machi, mwili ambao haujazoea huanguka, na tumeona ni maandalizi yanayokosekana, si imani.

Jumamosi anza kunywa tangu asubuhi, kidogokidogo. Kujaza lita mbili kwa mara moja jioni kunaishia chooni. Chakula cha mwisho kiwe wali au muhogo na mboga, bila samaki wa chumvi wala achari, ambavyo huleta kiu. Anza mfungo kwa sala yenye kusudi moja lililotajwa. Jumapili kaa kivulini, tembea kidogo. Kizunguzungu, kuchanganyikiwa au moyo kwenda mbio ni amri ya kunywa maji hapo hapo. Anayeumwa au aliye kwenye dawa hafungi. Ukifungua anza na maji na tende mbili, ngoja robo saa, ndipo ule.

Jirani Mwislamu akikuuliza mfungo wenu ukoje, hiyo ni nafasi ya mazungumzo mazuri kuliko nyingi utakazozitafuta. Mweleze kusudi, na umuulize yeye hufanyaje.

Sakramenti na ubatizo

Katika matawi madogo mara nyingi mmisionari ndiye anayebariki sakramenti. Mkate ununuliwe Jumamosi, kwani Jumapili hatununui, na uwekwe mahali pa baridi, la sivyo unyevu wa pwani utauotesha ukungu. Maji ni yale yaliyochemshwa. Mkate hutangulia, maji hufuata. Sala zimeandikwa katika Mafundisho na Maagano 20:77 na 79 na lazima zisemwe neno kwa neno. Ukikosea na hukujisahihisha, rais wa tawi atakuomba urudie. Isome kutoka kwenye kadi hata kama umeihifadhi.

Ubatizo huharibiwa na maji kuliko jambo jingine lolote. Kisima cha ubatizo kinachohitaji lita 2,000 kikijazwa na mfereji unaotoa lita 10 kwa dakika kitachukua zaidi ya saa tatu, na hiyo ni siku ambayo mfereji unatoka. Uliza Alhamisi kama maji yapo. Kama hayapo agiza boza, lori la maji, Ijumaa. Mtu mzima mmoja abaki hapo tangu kinapoanza kujazwa hadi kimalizwe kumwagwa, kwa ajili ya watoto. Nguo nyeupe ziwe nzito, kwani nyepesi zikilowa huonyesha mwili. Mashahidi wawili wanatazama: ncha ya nguo au unywele ukibaki juu, ubatizo unarudiwa wote, sala na kuzamishwa. Aliye chini ya umri wa utu uzima lazima wazazi wake wakubali.

Homa

Anayetoka nyanda za juu hana kinga ya malaria. Chandarua chenye dawa kila usiku, na asubuhi na mchana dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, kwa sababu mbu wa dengi huuma mchana. Homa yoyote ipimwe ndani ya siku moja. Usimeze aspirini wala ibuprofen kabla ya majibu, maana ikiwa ni dengi unaweza kutokwa damu, paracetamol inatosha. Ukikutwa na malaria na kupewa dawa ya mseto, maliza dozi zote sita za siku tatu, kila dozi pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Wengi huacha siku ya pili wakijisikia nafuu, na wiki ya tatu wako kitandani tena. Ukiharisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, unywe polepole. Mjulishe mshauri wa afya wa misheni siku ile ile.

Mwenza

Ugomvi mwingi wa wenza Mombasa huanzia kwenye feni, vyombo na pesa ya chakula, kisha huvaa nguo za kiroho: “Mwenzangu hana imani.” Kila wiki kaeni nusu saa, mkianza kwa sala. Kila mmoja ataje jema moja alilomwona mwenzake akifanya, kisha aseme “nisaidie katika hili” badala ya “wewe huwa”. Pesa ya chakula igawanywe mara nne siku inapoingia, sehemu ya wiki moja tu ikae mfukoni. Msigombane barabarani. Beji zenu zina jina moja.

Jumatatu na kuhama

Siku ya maandalizi, mara nyingi Jumatatu, huisha saa 12 jioni. Fueni kwanza, sokoni pili, Kongowea au Marikiti kabla ya saa 4, kisha mpigie nyumbani. Kuogelea hakuruhusiwi, hata maji yawe ya magotini, lakini kutembea bustani ya Mama Ngina au kuona Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, kunafaa.

Barua ya kuhamishwa inaweza kuja kila baada ya wiki sita. Jumamosi kabla yake andikeni kwa kila familia: mahali nyumba ilipo kwa alama za mtaa, saa baba anayopatikana, waliyofundishwa, walichoahidi, na muumini gani huwatembelea. Ongezeni nani muuza maji mwenye maji matamu na siku gani mfereji hutoka. Kisha jazeni pipa.